Jino la Kigego

Nilipokuwa mtoto, hata kusoma sijajua, nilikuwa tayari najua kwamba ninaweza kuua mtu kwa jino. Nilikuwa kigego. Meno yangu ya juu yalitangulia kuota kabla ya yale ya chini, na kwetu mtoto wa namna hiyo ni mkosi uliozaliwa ndani ya nyumba. Zamani, walisema wakubwa, vigego hawakuachwa waishi. Mimi niliachwa kwa sababu nilizaliwa wakati wa zahanati na kanisa. Lakini kuachwa uishi si sawa na kupendwa, na hilo nililielewa mapema sana.

Tulikaa Ilembo, pembezoni mwa mji wa Mpanda, ambako mahindi yalipandwa mpaka mlangoni. Nilikuwa na sahani yangu na kikombe changu. Wenzangu walipocheza rede, kazi yangu ilikuwa kuufuata mpira ukipotelea shambani. Hakuna aliyewahi kunipiga. Nani ana roho ya kumpiga kigego?

Kilichoogopwa hasa ni siku ambayo meno yale ya juu, ya mbele, yangeng'oka. Mtoto mwingine jino likitoka hulirusha juu ya paa, akamwomba mjusi amletee jipya. La kigego likitoka huondoka na mtu. Humchukua aliye karibu, na akiligusa kwa mkono ndiyo kabisa.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi. Alichora meno ubaoni kwa chaki, akayapa majina, akafundisha watoto wa watu kwamba meno ya utoto hung'oka ili ya ukubwani yapate nafasi. Alifundisha vizuri, mpaka leo nakutana na watu wazima wanaomsifia. Ila nyumbani mama alikuwa mjamzito, na mimba zilizotangulia zilikuwa zimeharibika. Nilikuwa darasa la kwanza jino lilipoanza kucheza. Msichana niliyekaa naye aliliona nikisoma irabu, akachukua daftari lake akahama. Kesho yake wakahama na wengine. Katika darasa ambalo watoto walibanana mpaka sakafuni, mimi nilikuwa na dawati zima.

Jioni ile baba hakunitazama. Alikuwa akikwangua ukoko chini ya sufuria.

"Mimi mambo hayo siyaamini," alisema. "Ushamba mtupu. Ila hali ya mama yako unaiona. Utakwenda kwa bibi yako kidogo."

Mama aliniaga akiwa amesimama mlangoni, mkono mmoja tumboni. Nilingoja aje mpaka barabarani. Hakuja.

Tulipanda lori la mizigo hadi Inyonga, halafu tukatembea kwa miguu kuingia kijijini kwa bibi, mama yake mama. Alikuwa mjane. Alilima mahindi, na mizinga ya nyuki aliyoachiwa na babu ilikuwa bado ikining'inia porini, kwenye miyombo. Baba alikunywa maji akiwa amesimama, akamweleza bibi kwa sauti ya chini, akawahi lori lile lile kurudi. Tangu siku hiyo nikaacha kusema. Watu walidhani nimenuna. Ukweli ni kwamba niliogopa kufungua mdomo, jino lisije likaanguka mbele ya bibi.

Wanawake wa jirani walikuja kumpa ushauri. Nilikuwa nimekaa palepale, lakini walizungumza kana kwamba sipo.

"Dada, usikae na huyo humu ndani," alisema mmoja. "Mpeleke kwenye kambi ya warina asali. Saa hizi hakuna mtu. Akae huko mpaka ling'oke, chakula uwe unamwachia njiani."

Bibi hakubisha. Kubisha angebishaje, na yeye alilelewa kwa hofu hiyohiyo? Asubuhi alinifungia muhogo wa kuchemsha, tukaingia porini, mbung'o wakitufuata. Kambi yenyewe ilikuwa kibanda cha nyasi na majivu ya zamani. Bibi alinionyesha pa kukaa.

"Ukisikia limeachia, litupe, usitazame lilikoangukia. Halafu uje. Njia umeiona."

Akaondoka. Nilimtazama mgongo wake mpaka miti ikamficha. Nimewahi kuwa mpweke baadaye maishani, nimepangiwa shule ambako sikumjua mtu, nimeuguza na kuzika, lakini upweke wa asubuhi ile haujapata mwenzake. Mtoto anayekaa peke yake kwa kuwa amekosea husubiri kusamehewa. Mimi nilikuwa sijakosea kitu, kwa hiyo sikuwa na cha kusubiri. Nililisukuma jino kwa ulimi, nikilisihi litoke upesi wakati hakuna mtu. Likagoma.

Kisha nikaona kitenge cha bibi kati ya miti. Alikuwa anarudi, tena anatembea haraka kwa mtu wa umri wake.

Niliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Maneno yangu ya kwanza tangu nifike kwake yalipitia kwenye vidole: "Rudi, bibi! Utakufa!"

Alikaa chini kando yangu, akakunja miguu, akafungua ule muhogo. Akanimegea.

"Kula."

"Litang'oka."

"Ling'oke. Nyie watoto mnajua kushinda njaa?"

Njaa ilikuwa inaniuma kweli. Niling'ata, na jino likaachia palepale. Nilihisi chumvi ya damu. Nikabana midomo na kutikisa kichwa, machozi yakinitoka, nikitaka hata kulimeza ili lisimguse. Bibi akakinga kiganja chini ya kidevu changu.

"Tema hapa."

Nikakataa.

"Leokadia. Tema, mama."

Nikatema. Jino likatua kiganjani mwake. Alilitazama kwa muda, akalifumbata.

"Kadude kadogo hivi," alisema.

Tulirudi kijijini pamoja, mchana kweupe, amenishika mkono. Wale majirani walitoka kutazama, wala bibi hakuharakisha. Tangu hapo kila asubuhi nilipoamka nilitulia kwanza nisikilize ufagio wake uani. Nikiusikia, naanza siku. Jino la pili lilipolegea alilipokea vilevile, na bado nikaendelea kuusikiliza ufagio.

Baba alikuja kunichukua baada ya mdogo wangu wa kiume kuzaliwa salama. Nilimkimbilia. Aliniweka mbali kidogo kwa mikono yake, akainama.

"Hebu cheka nikuone."

Nilicheka kwa nguvu zangu zote, nikidhani amekumbuka kicheko changu. "Yametoka yote," alimwambia bibi, na hapo ndipo aliponinyanyua.

Nami sasa ni mwalimu, na nafundisha somo lilelile. Nasema ubaoni alichosema baba, kwa sababu ni kweli. Ila sidanganyiki kwamba kujua kweli kunatosha. Baba alijua yote kuhusu meno, na bado nilipoteza mwaka wa shule na kitu kingine ambacho sikurudishiwa. Mama alipokufa, sikumlilia kama nilivyomlilia bibi, na hilo linaniuma mpaka leo.

Bibi aliishi miaka mingi, akawaona watoto wangu. Msibani kwake nilisikia mtu akinong'ona kwamba si ajabu amekufa, aliyashika yale meno. Niliwahi kumuuliza bibi mwenyewe akiwa hai kuhusu siku ile, tukichambua karanga. Nilitegemea aseme kwamba alikuwa mjanja kuliko wenzake, kwamba hakuwahi kuamini upuuzi ule. Ningefurahi kumsimulia hivyo darasani.

"Niliamini," alisema. "Nilijua nakufa."

"Sasa mbona ulirudi, bibi?"

Aliniangalia kana kwamba nimemuuliza jambo ambalo hata mtoto angelijua.

"Si ulikuwa peke yako?"