Ulezi wa Nyuma ya Jiko

Daktari aliyemwona mama yangu safari ya pili hakuwa mtu wa maneno mengi. Alitueleza kwa upole kwamba kansa iliyoanzia kwenye titi ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa, na kwamba hapakuwa na kitu cha kukata tena. Mimi nililia palepale mbele yake, bila aibu, huku mimba changa ikinitia kichefuchefu. Mama hakulia. Alimuuliza daktari kama bado anaweza kulima. Daktari aliutazama mkono wake wa kulia, uliokuwa umevimba tangu alipofanyiwa upasuaji mwaka uliotangulia, akafikiri kidogo, akasema labda shamba dogo.

Nadhani alisema hivyo ili tumpishe, maana nje watu walikuwa wamejaa hadi uani. Lakini mama alilipokea neno lile kama dawa ya kuandikiwa. Tangu siku hiyo, ukimwambia apumzike, alikujibu kuwa daktari amesema shamba dogo. Ukimpokonya ndoo, unakumbushwa daktari. Mtu aliyesoma miaka yote ile ameniagiza nilime, alisema, mimi nani nimkatalie?

Baba alikuwa amefariki zamani, na mimi nilikuwa binti pekee wa mama. Nilimwomba ahame Isansa aje kukaa nami Tunduma mpakani, karibu na barabara ya kwenda hospitali, kwenye nyumba niliyoishi na mume wangu aliyekuwa karani wa forodha. Alikubali kwa sharti moja, kwamba aje na jembe lake na mfuko wa mbegu ya ulezi. Nilidhani anatania. Safari nzima alikaa na ule mfuko mapajani, na kila basi liliporuka kwenye shimo aliukumbatia yeye kabla ya kujishika mwenyewe.

Nilijua ulezi ule ulikuwa wa nini, ndiyo maana sikutaka kuuzungumzia. Kwetu, binti akijifungua, mama yake humpikia uji wa uzazi, na ulezi wa uji huo hautoki sokoni. Sharti uwe umepandwa na mkono wa mama mwenyewe. Bibi yangu alimpikia mama hivyo, naye mama alitarajia kunipikia mimi. Ulezi ukipandwa Desemba huiva Mei au Juni, na mimi nilitarajia kujifungua Mei. Hesabu ya ulezi na hesabu ya mtoto ziliafikiana vizuri. Ya tatu, ya mama, ndiyo hakuna aliyeijua.

Mimi nilitaka alale. Hilo ndilo lilikuwa wazo langu la kumpenda mgonjwa: kitanda, shuka safi, supu, mlango wa kuegesha. Yeye alilala siku ya kwanza kwa adabu ya ugeni. Siku ya pili nilimkuta nyuma ya jiko akiutazama ule uwanja wenye majani na vigae, mkono mmoja kiunoni. Jioni alimwomba mume wangu akate kipini cha jembe kibaki kifupi. Mume wangu, ambaye hakuwahi kumkatalia mama jambo lolote, alichukua msumeno bila hata kunitazama.

Basi akalima. Alikaa kwenye kigoda, jembe fupi kwenye mkono wa kushoto, akichokonoa ardhi iliyo mbele yake. Akiimaliza anasogeza kigoda. Desemba ilipofika akapanda ulezi wake. Ilikuwa kazi ya polepole mpaka inauma kuitazama. Malori ya shaba yalinguruma barabarani, vumbi linatua juu ya kitambaa chake, naye hajali. Wakati ule wakuu walikuwa wakihimiza kila mtu alime mpaka mlangoni, na redio haikuchoka kusema kuwa hiki ni kilimo cha kufa na kupona. Balozi wa nyumba kumi alipopita kukagua alimkuta mama kwenye kigoda chake, akampongeza. Mama alimjibu kwa Kiswahili chake kizito cha Kinyiha kwamba hao wa redioni yeye amewaelewa kuliko wote. Balozi alicheka, kisha akajua ugonjwa wake, akaacha kucheka. Mama ndiye aliyeendelea.

Aliyemjia kila asubuhi alikuwa jirani yetu, mwanamke wa Tanga, mke wa mwenye lori. Alikuja na mafuta ya nazi ambayo mumewe alimletea kutoka kwao, akaufunua ule mkono uliovimba na kuuchua taratibu kutoka vidoleni kwenda begani, huku akisimulia habari za mjini. Yeye alikuwa na Kiswahili chepesi cha pwani kinachokwenda mbio, mama alikuwa na cha kwake cha mlimani kinachopanda na kushuka. Sijui walielewana vipi, lakini nilizoea kusikia vicheko kutoka nyuma ya jiko, na nilizoea pia kuona wivu kidogo. Mimi nilikuwa namlisha na kumfulia, na vicheko anapewa mwingine.

Mwezi wa Februari mvua zilishika, na mama akazidiwa. Maumivu yalimkamata nyonga na mgongo hata kugeuka kitandani ikawa shida. Vidonge tulivyopewa vilimtuliza kidogo tu, halafu maumivu yanarudi. Kwa siku hizo chache hakumtaja daktari wala shamba dogo, akawa anatazama ukuta. Nilikuwa nimelitaka sana lile jambo la yeye kulala, na sasa nilipolipata liliniogopesha kuliko kitu chochote. Nje, majani yalikuwa yanaufunika ulezi. Mimi na tumbo langu na miguu iliyovimba nikawa natoka, natazama, narudi ndani.

Jirani aliona kama nilivyoona. Asubuhi moja alipiga moyo konde, akaingia shambani peke yake bila kutuuliza, akapalilia. Kwao analima mpunga, anapanda mihogo, anajua minazi. Ulezi hakuwahi kuuona kabla ya kuja huku. Na ulezi, kwa asiyezaliwa nao, ukiwa mchanga umefanana na gugu lake kama watoto pacha. Nilipotoka na maji ya kuoga nilimkuta amesimama katikati ya shamba lililosafishwa vizuri sana, anajifuta jasho, amefurahi. Upande mzima wa juu alikuwa ameng'oa ulezi na kuacha magugu.

Nadhani uso wangu ndio uliomwambia.

"Shoga, usinambie nimekosea," alisema. "Mie nimeng'oa yale yanayotoka kwa urahisi. Mengine yameng'ang'ania, nkasema haya yana mwenyewe."

Alipojua alichofanya, alikaa chini kwenye matope na kanga yake safi na kulia. Mimi nikalia naye, na nilikuwa na hasira vilevile, hasira isiyo na mtu wa kuipokea, kwa sababu hakuna aliyempenda mama kuliko mwanamke yule. Tulikuwa katika hali hiyo mama alipotokea mlangoni. Alikuwa amejikokota kwa kushika ukuta, na hatukujua ameanza lini kuja. Aliangalia shamba, akaangalia ile chungu ya ulezi ulionyauka, akatuangalia sisi wawili. Nikasema moyoni, basi, ndio mwisho.

Mama alicheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, na machozi yakamtoka, ya kicheko na ya maumivu pamoja. Akauliza kama huko Tanga ndivyo wanavyopalilia. Kisha akaagiza kigoda chake, karai la maji, na gunia liloweshwe.

Ulezi una wema mmoja, ambao mimi niliyekulia humohumo nilikuwa nimeusahau. Ukiung'oa ungali mchanga na ardhi ina maji, unakubali kupandwa tena. Manyunyu yalikuwa yameanza. Jirani alichambua chungu ile mche kwa mche, mama akamwonyesha tofauti, kwamba gugu lina shina bapa na jeupe chini, kisha akamshika mkono na kumpitisha vidole juu ya yote mawili mpaka vidole vyenyewe vijue. Miche iliyofaa waliilaza ndani ya gunia bichi. Mama alitoboa ardhi kwa kidole cha mkono wa kushoto, akachomeka mche, akaushindilia, akasogeza kigoda. Nilimwambia atalowa. Hakusikia, au alisikia.

"Hii itachelewa," alisema, akiutazama mstari wa miche iliyolala kifudifudi. "Haitamwahi huyu. Itakuwa ya mtoto wa pili."

Nilimjibu kwa ukali kwamba hata wa kwanza bado hajaja. Kweli sikuweza kuvumilia kumsikia akizungumza hivyo, mtu aliyeshindwa kugeuka kitandani usiku uliotangulia.

"Huyo wa kwanza ni kazi yako," alisema mama. "Mimi nina kazi yangu."

Sisemi kwamba tangu hapo alipona. Mfupa haukusikiliza ulezi. Zilikuwepo siku za kunung'unika, siku za kutapika, siku za kunifokea kwa sababu ya chai. Lakini kila siku alitoka nje, na mimi niliacha kumzuia; nilianza kumtandikia mkeka mwenyewe. Aliposhindwa jembe alipalilia kwa mkono. Aliposhindwa kuinama alishika kazi ya ndege. Mume wangu alimfungia kamba kutoka mkekani hadi kwenye miti shambani, yenye makopo matupu na mawe ndani yake, na mama alilala akiwa ameishika. Ndege wakitua anavuta, makopo yanalia, wanaruka mpaka ng'ambo, Zambia. Alisema anawafukuza nchini bila pasipoti. Nikiwa ndani nikisikia makopo, nilijua mama yupo. Kukiwa kimya sana nilitoka kuangalia, naye akishaniona anavuta kamba hata kama hakuna ndege, ili niridhike.

Mtoto alikuja mwishoni mwa Mei, msichana, katika zahanati ya pale pale mjini. Ulezi wa upande wa chini, ule uliosalimika, ulikuwa umeanza kugeuka rangi. Mama aliukata kwa kisu kidogo, suke moja moja, akauanika kwenye ungo, akaupura, akausaga juu ya jiwe kwa mkono mmoja. Jirani aliniambia baadaye kwamba mama alimkataza kugusa chochote isipokuwa maji na moto. Sukari ilikuwa imeadimika kama dhahabu. Jirani alivuka kuitafuta Nakonde, upande wa Zambia.

Mama aliuleta uji mwenyewe hadi kitandani kwangu, bakuli likitetemeka, jirani nyuma yake amenyoosha mikono kama anayemfundisha mtoto kutembea. Ulikuwa na mchanga kidogo, kwa sababu lile jiwe alishindwa kuliosha vizuri. Alisimama kuniangalia mpaka nilipoumaliza. Sikuwahi kunywa kitu kitamu kama kile, na nilimwambia hivyo. Kisha akaomba awekewe mtoto kwenye mkono wa kushoto, na wote wawili wakasinzia.

Ule uliopandwa upya uliiva baadaye, katika zile wiki ambazo mama hakuweza tena kuondoka mkekani. Jirani ndiye aliyekata, mama akielekeza kwa kidole suke lipi limeiva na lipi lisubiri. Mimi nilikuwa na kichanga mkononi na sikufuatilia ulezi ule ulikwenda wapi. Mama alifariki Julai, asubuhi ya baridi yenye upepo mkali, baada ya kuuliza kama mtoto amenyonya. Tulimrudisha Isansa kwa lori la mume wa jirani. Nilirudi Tunduma nikakuta kamba na makopo vimebaki, na upepo ukivipiga. Mume wangu alivifungua bila mimi kumwambia.

Miaka ikapita, ile migumu, ya kupanga foleni kwa sabuni na unga. Mtoto alianza kuongea, akajua kuuliza picha ya ukutani ni ya nani. Kisha nikajifungua wa pili, mvulana. Niliporudi nyumbani mume wangu alikuwa amenunua ulezi sokoni, mzuri, umepepetwa, na alikuwa akijivunia kuupata. Nilimshukuru, nikageukia ukuta na kulia. Mtu mzima, mama wa watoto wawili, nalilia uji.

Jirani aliingia bila hodi, kama kawaida yake. Alikuwa na kopo kubwa lililokuwa la maziwa ya unga, mfuniko wake umezibwa kwa nta ya nyuki. Ulezi hauliwi na wadudu. Ukiuhifadhi mkavu unakaa miaka.

"Wa mama huu," alisema. "Ule alioupanda tena kwa kidole chake. Alinambia nisikuonyeshe mpaka azaliwe wa pili. Alisema ukiuona mapema utaupika."

Nilitaka kujibu kwamba si kweli, lakini ilikuwa kweli. Mama alinijua. Jirani alikwenda jikoni, nikamsikia akisaga kwenye jiwe lile lile. Alileta bakuli, akasimama pembeni ya kitanda, mikono kiunoni, haondoki mpaka amwone mzazi amemaliza. Ulikuwa na mchanga kidogo. Niliunywa wote.