Kamba ya Toroli la Mbele

Hakuna jambo la kunishangaza mimi, niliyetoka Mikumi kwa miguu na leo nina nyumba ya bati Kilosa. Shule niliipita kwa nje tu, ila kamba nimezisokota mwenyewe.

Wakati wa Mwingereza nilikuwa nafunga matoroli ya mkonge shambani, matatu kwa mfuatano, yavutwe na trekta. Siku moja kamba mpya nene nilifungia toroli la mwisho, maana ndilo lililo mbali. Kamba kuukuu nikaiweka mbele, kwenye trekta.

Mke wangu alikuwa anaanika singa, nyuzi za mkonge, pale jirani. Akaniambia, "Bwana, ya mbele itakatika."

"Toroli liko hapo hapo karibu, itakatikaje?"

"Hiyo inavuta yote matatu. Ya nyuma inavuta moja tu. Tuwekeane dau la khanga?"

Nikakubali huku nikicheka. Trekta liliguruma, kamba ya mbele ikakatika, matoroli yote matatu yakabaki pale pale. Mke wangu aliokota kipande, akanipa. "Shika mali yako, fundi."

Alichagua doti nyekundu, na mpaka leo anaivaa ingawa imepauka. Ilinitoa shilingi saba na senti hamsini.