Khalas Chini ya Slabu

Kwenye saiti yetu ya ujenzi mtaa wa Thongpiny, Juba, hakuna aliyegusa miti iliyoshikilia slabu, lile dari la zege, mpaka mimi niseme "khalas." Huo ni utaratibu niliotoka nao Kampala, nikaupigania Juba mpaka wakaniita mkorofi. Basi, niwe mkorofi! Zege halitaki haraka. Ukiliondolea miti kabla halijakomaa, litakuangukia. Mimi ndiye niliyekuwa mkaguzi wa ubora: nilionja mchanga kama una chumvi, niligonga zege, nilihakikisha linamwagiliwa maji ili likomae, ndipo nikatoa neno.

Kisha vita vikaingia mjini, na lori la maji likaacha kuja. Slabu ikachomwa na jua bila hata tone. Mama mmoja aliyekimbia kutoka mtaa wa Lemon Gaba na watoto wake akajibanza chini yake, katikati ya ile miti, na sufuria lake. Sikumfukuza. Angekwenda wapi?

Bunduki zilipotulia kidogo, nikarudi saiti. Nikakuta bosi amewatuma maseremala waing'oe miti, waipakie kwenye lori kabla waporaji hawajaifikia. Safu ya kwanza ilikuwa imeshalala chini. Mama na watoto walikuwa bado mle ndani!

Nikapiga kelele: "Khalas! Khalas!"

Lo! Juba neno hilo lina kazi mbili: basi acheni, na basi tayari. Mimi nilimaanisha acheni. Wao, niliowafundisha mwenyewe kulisubiri neno hilo, walisikia ruhusa. Fundi mkuu wao akanipungia mkono akicheka, nyundo zikazidi. Kadiri nilivyopaza sauti ndivyo walivyochapa kazi! Nikakimbilia chini ya slabu, nikaukumbatia mti aliokuwa akiugonga, nikamtukana.

"Lakini injinia," akasema, ameduwaa, "wewe iko nasema khalas!"

Juu yetu slabu ilikuwa imepasuka ufa mrefu, kutoka ukutani hadi katikati. Niliogopa sana, siwezi kudanganya. Nikamwambia yule mama, "Mama, toa watoto. Hii itaanguka."

Kabla hajajibu, milio ya mabomu ikaanza tena upande wa mlima wa Jebel, mizito, ikisogea. Watoto wakajikunyata kwake. Akautazama ufa, akatazama barabarani.

"Hii yako pengine itaanguka," akasema. "Mabomu yanaanguka sasa. Mwanangu, si hii ndiyo kazi yako? Shikilia nyumba."

Kazi yangu ilikuwa kulikataa zege bovu. Zege lile lilikuwa bovu, nami sikuweza kulikataa.

Maseremala wengine walishatimua mbio. Fundi mkuu alibaki. Tukarudisha miti, mmoja baada ya mwingine, tukiikaza kwa kabari juu ya vichwa vya wale watoto, na kila nyundo ilipogonga vumbi la zege liliwadondokea usoni, mama yao akawa analipangusa kwa kitenge, bila kuinua macho juu.