Nilivyomfundisha Mama Mkwe Kupita Mtihani wa Kumbukumbu

Mama mkwe wangu alichuma chai zaidi ya miaka arobaini, na sikuwahi kuona jani la tatu kwenye kikapu chake. Majani mawili na chipukizi, basi. Sisi wengine tukiharakisha mvua isitukute shambani tulikuwa tunajazia jazia, yeye hapana. Kwa hiyo asubuhi ile karani wa senta ya kuuzia chai alipomwaga majani yake mezani ili ayakague kabla ya kuyapima, na tukaona majani magumu ya chini, vijiti, na magugu pamoja na mizizi yake, foleni nzima ilisogea kutazama. Karani hakumwangalia yeye. Aliniangalia mimi niliyekuwa nyuma yake, akauliza polepole kama mama yuko sawa. Nikamjibu kwa ukali kwamba ni macho tu, macho yanamsumbua. Nilijua si macho. Nilikuwa nimejua tangu mwaka uliotangulia, siku aliyokamua ng'ombe mmoja mara tatu na kuniambia amemaliza wote.

Mimi ni mwalimu. Nimestaafu, lakini kijiji kizima huku kwetu karibu na Kaplong bado kinaniita Mwalimu, na yeye pia aliniita hivyo, tangu mwanawe aliponioa. Kwa miaka mingi nilishika darasa la nane, wakati ule mtihani wa darasa la nane ulikuwa ndio kufa na kupona. Nilijulikana kwa kupitisha watoto. Sijisifu, na mkifika mwisho wa habari hii mtaelewa kwa nini sijisifu. Mume wangu alikufa, mwanangu akaajiriwa Bomet akahamia huko na mke wake, na katika boma tukabaki mimi na mama mkwe, ng'ombe watatu na kipande cha chai.

Kuna jambo moja la kwetu lazima nilieleze hapa. Mtoto akizaliwa, kabla hajapata jina la kanisani, wanawake wazee wa upande wa baba hukaa naye wakamwitia majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya, huyo ndiye aliyerudi. Jina hilo tunaliita kurenet. Wapo wachungaji wanaokunja uso, lakini sisi kanisani tunaenda na kurenet tunaita. Katika ukoo wa mume wangu, aliyekuwa na majina hayo ni mama mkwe. Alipewa na mama mkwe wake, na mimi nilipaswa kupewa na yeye. Siku mwanangu alipozaliwa nilimsikia akiyaita, zaidi ya ishirini, bila kusita hata mara moja, sauti yake imetulia kabisa. Mimi nilikuwa nimelala na maumivu yangu, sikuyashika. Baadaye nikawa nasema nitayaandika likizo ikifika. Likizo zilifika nikasahihisha madaftari. Nikastaafu, na bado nikasema kesho.

Basi Jumapili moja baada ya ibada watu wa utafiti walikuja kanisani. Walikuwa wanatafuta wazee, wale wanaosahau na wale wasiosahau, wawapige picha za ubongo na kulinganisha, ili ijulikane ugonjwa wa kusahau unaanzia wapi na unaendaje kwa watu wetu. Muuguzi mmoja mpole aliketi na mama mkwe kwenye benchi, akamuuliza maswali kwa lugha yetu. Leo ni siku gani? Mwezi gani? Tuko kaunti gani? Akamtajia maneno matatu, kikapu, mvua, kengele, akamwambia ayashike atamuuliza baadaye. Alipomuuliza baadaye, mama mkwe alitabasamu tu. Hakukumbuka hata kwamba aliambiwa maneno. Waumini walikuwa wamesimama pale wanasubiri zamu za wazazi wao, na mwanamke mmoja alicheka kwa kujificha kwenye leso. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Huyu ni mama aliyenipokea nikiwa msichana nisiyejua hata kuwasha moto wa kuni mbichi, akanifichia aibu zangu zote mbele ya watu wa boma lake. Halafu leo mimi niketi nitazame akichekwa?

Nikasema ana homa. Nikasema hakulala. Muuguzi akakubali, akasema sawa, mzee akiwa mgonjwa majibu hayafai, atarudi baada ya mwezi kumuuliza upya. Yeye akaondoka na fomu zake, mimi nikaondoka na maswali yote. Nilikuwa nimeyaandika nyuma ya kitabu cha nyimbo. Mkono wa mwalimu, ukiona mtihani unaunakili.

Kesho yake nilitafuta chaki. Mlango wetu wa jikoni ni wa mbao, umekuwa mweusi kwa moshi, unaandikika vizuri kuliko mbao nyingi nilizofundishia. Kila asubuhi baada ya kukamua nilimketisha kwenye kigoda mbele ya mlango ule. Leo ni siku gani, Mama? Rudia. Kikapu, mvua, kengele. Rudia. Kwa kuwa hakujua kusoma nilimchorea kikapu, nikachora matone, nikachora kengele ya shule. Na jamani, alifurahi. Huyu mama hakuwahi kukanyaga darasani, babake aliwapeleka wavulana. Sasa akawa mwanafunzi, tena mwanafunzi msumbufu. Akijibu vizuri lazima nimwekee tiki mlangoni, na nisipoiweka anadai. Nilikuwa nafundisha watoto arobaini na wanane kwa mkupuo, lakini hakuna aliyewahi kudai tiki kama yeye.

Jambo linaloniuma liko hapa. Katikati ya masomo alikuwa anatoka nje ya swali. Namuuliza huu ni mwezi gani, anaanza: mwezi wa mvua kubwa ndio alikufa fulani, mama wa fulani, yule aliyekuja kuolewa kutoka upande wa Kedowa, na dadake alikuwa anaitwa hivi, na yeye alirudi kwa mtoto wa nani. Alikuwa ananitajia majina. Bila kuombwa, bure kabisa, asubuhi na chai mkononi. Na mimi, na akili zangu zote za ualimu, nilikuwa nampigia mlango kwa kipande cha chaki.

“Mama, hiyo haiko kwenye mtihani,” nilimwambia. “Jibu swali.”

Si mara moja. Mwezi mzima. Alikuwa ananyamaza kama mtoto aliyegombezwa, halafu anasema kikapu, mvua, kengele.

Muuguzi alirudi. Mama mkwe alijibu yote. Siku, mwezi, kaunti, na maneno matatu aliyatamka kwa nguvu hata kabla hajaulizwa mara ya pili. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikihesabu majibu kwa vidole kama siku za matokeo. Alipomaliza alinigeukia.

“Mwalimu, nimepita?”

Muuguzi akacheka, akamwambia amepita. Akamwandika katika kundi la wazee wasio na shida, wale ambao ubongo wao ungetumika kulinganishwa na wa wagonjwa. Siku hiyo nilimpikia kuku, na nilipokutana na yule mwanamke wa leso nilimpita bila salamu.

Baada ya muda tuliitwa mji mkubwa kwa picha. Mashine ile ni kama bomba pana, mtu analazwa anasukumwa ndani, na inapiga kelele zisizopungua za kiwanda cha chai msimu wa majani mengi. Hairuhusiwi chuma chochote. Walimvua shanga za waya, wakatoa pini aliyofungia kitambulisho ndani ya gauni lake. Alikataa kulala mpaka nilipomshika mguu, nikabaki nimeushika muda wote, huku nimeziba sikio moja. Alipotoka aliuliza kama majani yamekwisha kupimwa.

Wiki chache baadaye daktari wa utafiti, mwanamke kijana mwenye asili ya upande wa ziwa, aliniomba niende peke yangu. Akanionyesha picha kwenye kompyuta. Mimi nilitegemea kuona kitu cha kutisha, lakini ulikuwa weusi na weupe tu. Akaweka kidole sehemu mbili, ndani ya kichwa usawa wa masikio, akaniambia hapo ndipo kumbukumbu mpya hushikwa, na kwa mama pamesinyaa sana. Pembeni yake akaniwekea picha ya mzee mwingine wa umri ule ule, bila jina. Hata mimi niliona tofauti. Pale palipopaswa kujaa palikuwa na nafasi nyeusi.

Daktari alikuwa anasumbuka. Alisema picha na majibu hayaelewani, na kwamba wenzake wanabishana kuhusu mama huyu, labda ana kinga fulani wasiyoijua bado. Alisema hivyo kwa matumaini kabisa. Nikamtazama, kumbe ni wa umri wa mwanangu, na nikaona siwezi kumwacha akimbizane na uongo wangu.

“Nilimfundisha,” nikasema. “Maswali yote. Mwezi mzima.”

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema watamtoa kwenye lile kundi, na atamwandikia kliniki ya wagonjwa wa kusahau, ambayo angekuwa ameianza miezi saba iliyopita. Dawa ya kuponya haipo, alisema, ila kuna ya kusaidia kidogo, na kuna mashauri. Nikamuuliza mashauri gani. Akasema familia zinazowahi kliniki huwa wanaziambia kitu kimoja: mambo ya zamani hukaa kichwani muda mrefu kuliko ya jana, lakini nayo huondoka, kwa hiyo kama kuna kitu mnataka kumuuliza, muulizeni sasa.

Nililia njia nzima hadi nyumbani. Mke wa mwanangu alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Jioni ile ile nilinunua daftari jipya, nikaandika namba moja hadi ishirini, nikaketi mbele ya mama mkwe. Nikamwambia, Mama, nipe majina. Alinipa la mume wake. Nikamsaidia kwa la mwanawe, mume wangu, akalirudia kama jina la mgeni. Siku ya tatu akanipa la bibi wa mume wake, yule aliyemzaa baba yake. Baada ya hapo, kila nilipofungua daftari, aliketi wima, akaweka mikono magotini na kusema yale maneno matatu. Nilimbembeleza. Nilimkasirikia pia, Mungu anisamehe, nilimfokea. Nilienda kwa wake wa shemeji zangu, wazee wawili waliobaki, wakaniambia wao walikuwa wanamwachia yeye. Majina waliyojua ni hayo matatu. Niliufuta mlango wa jikoni kwa maji na majivu, lakini mchoro wa kengele haukutoka vizuri, bado unaonekana.

Mtoto alizaliwa msimu wa baridi, msichana, na siku ya nne mwanangu akawaleta nyumbani. Tukaketi chumbani wanawake: wale wazee wawili, mimi, mama mtoto kitandani, na mama mkwe kwenye kigoda. Nilimpa mtoto. Na mikono yake ilijua. Alimshika vile vile alivyomshika mwanangu, akamlaza mapajani uso umeelekea juu, akainama. Nilianza kuamini. Akaita jina la mume wake, kwa sauti ile ile iliyotulia. Mtoto kimya. Akaita la bibi wa mume wake. Kimya. Akavuta pumzi ya la tatu, midomo ikacheza, halikuja.

Akainua kichwa kututazama. Mimi nilikuwa nimeshika daftari na kalamu, tayari kuandika lolote litakalotoka. Aliliona lile daftari na uso wake ukachangamka.

“Kikapu,” akamwitia mtoto. “Mvua. Kengele.”

Aliyaita kwa heshima, moja moja, akisubiri baada ya kila moja. Mmoja wa wale wazee alifunika uso kwa leso, na safari hii haikuwa kicheko. Mke wa mwanangu aliuliza hao ni akina nani.

Tukaita sisi. Tulikuwa na majina matatu, tukayazungusha, la baba mkwe, la mume wangu, la yule bibi, tukarudia tena na tena mpaka tukaona haya kutazamana. Mara ya tano au ya sita, kwa jina la yule bibi, mtoto alipiga chafya. Wazee wakashukuru, ikawa imekwisha, amerudi. Labda ni kweli. Mimi niliwafikiria wale wengine, zaidi ya kumi na saba, na yule kati yao aliyekuwa anangoja kuitwa.

Wenzangu walipotoka kwenda kuchukua maziwa, mama mkwe alinivuta mkono wa sweta.

“Mwalimu, nimepita?”

“Umepita, Mama,” nikamwambia. “Umepita vizuri sana.”

Hakuniachia. Alikuwa anatazama daftari, na nikaelewa anadai tiki yake. Nikalifungua, nikaiweka kwenye namba nne, mbele ya mstari mtupu, akatabasamu.