Divai ya Mteremko wa Juu

Mdogo wangu alifia Italia, kwenye shamba la zabibu, akiwa amekaribia kabisa kupata upadre. Alikuwa anasoma seminari huko, na kila likizo alikwenda kusaidia kuvuna kwa mzee mmoja mjane mwenye shamba mlimani, Toskana. Siku ile mzee alikuwa amechoka, na mdogo wangu akajitolea kulirudisha trekta juu. Likapinduka naye. Tulimzika hapa Songea, na jeneza halikufunguliwa.

Shamba lenyewe tulikuwa tunalijua. Alikuwa akitupigia kwa video, anageuza simu, tunaona mistari ya mizabibu ikishuka hadi bondeni na nyumba ya mawe juu kabisa. Mama ni Mmatengo, amekulia milima ya Mbinga, ambako watu hulima ngoro, yale mashimo yanayozuia udongo kuporomoka. Hakuuliza habari za nyumba wala za baridi. Aliuliza, "Mvua ikinyesha, udongo haushuki?" Mdogo wangu akacheka, akamwonyesha nyasi walizoziacha katikati ya mistari ili zishike ardhi. Mama akaridhika.

Habari za divai mdogo wangu alipenda kutusimulia bila kuulizwa. Ilikuwa nyekundu, ya zabibu za aina tatu, na kila aina ilivunwa na kuchachushwa peke yake. Kisha mzee hukaa mezani na glasi zake, anachanganya, anaonja, anatema, anachanganya tena, na hataki kusemeshwa. "Moja ina uchachu, moja laini, moja ina nguvu," alituambia. "Ukinywa moja peke yake unaona kuna kitu kimepungua."

Karibu mwaka baada ya mazishi, sista mmoja wa parokia yetu, aliyesoma Roma, alikuja nyumbani kwetu, mtaa wa Mfaranyaki, kutuambia kwamba yule mzee anataka kuja. Mama alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Anakuja kutafuta nini?"

"Hakusema, mama," sista akajibu. "Ameomba tu ruhusa."

Mama akachambua yakaisha, akayapepeta. "Na aje."

Alikuja na sista mchana wa jua kali, amevaa koti zito, amekumbatia chupa iliyozungushiwa taulo. Alipomwona mama mlangoni aliinama, akasema kwa Kiswahili, "Shikamoo, mama."

Mama alishtuka. Mzee yule alikuwa amemzidi umri kwa mbali. "Sista, mwambie yeye ndiye wa kuamkiwa, siyo mimi."

Sista akatafsiri. Mzee akaeleza kwamba mdogo wangu alimwamkia hivyo kila asubuhi, naye akadhani ndiyo salamu ya watu wote. Mama akajifunika mdomo kwa khanga. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Halafu akalia kweli, nasi tukamngoja.

Mzee hakugusa chai. Alisema trekta lilikuwa lake, mteremko aliujua yeye, na angepaswa kumkatalia. Sista akatafsiri neno kwa neno. Mimi nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kwa miezi mingi, makali yote, lakini mama aliniwahi.

"Muulize, alikuwa peke yake?"

"Hapana," mzee akasema. "Nilikaa naye chini. Nilimshika mkono mpaka mwisho."

"Hilo hatukuambiwa," mama akasema. "Siku zote hizi nikifumba macho namwona yuko peke yake."

Maneno yangu sikuyasema.

Mzee akafungua taulo. Divai ile ilitoka kwenye mavuno yale yale ambayo mdogo wangu alifia, akasema, na ndiyo ya mwisho. Zile zabibu zenye nguvu zilitoka mteremko wa juu, palipotokea ajali. Hakuweza tena kupanda kule. Alikuwa ameanza kuing'oa mizabibu ya huko, na bila zabibu zile divai haikuwa divai ile tena.

"Ameng'oa?" mama akauliza, amekunja uso. "Kwenye mlima? Mwambie udongo wote utashuka. Mwambie apande." Akarudia taratibu, akimtazama mzee machoni kana kwamba angeelewa. "Apande."

Siku iliyofuata mama alipeleka chupa kwa paroko, akaomba itumike kwenye misa ya kumwombea mwanawe. Paroko aliigeuzageuza, akamuuliza mzee kupitia kwa sista kama kuna kilichoongezwa. Mzee akajibu ni zabibu tupu. "Basi inafaa," paroko akasema. Kwenye misa mzee alikaa benchi moja nasi. Wakati wa mageuzo, paroko alipoinua kalisi, nilimwona mama akimshika mzee mkono wa koti. Hakumwachia mpaka tulipopiga magoti kupokea komunyo.

Iliyobaki tuliinywa nyumbani kwa vikombe vya chai. Mama, ambaye hajui pombe zaidi ya ulanzi wa mianzi, alikunja uso, akasema ni chachu. Lakini alimaliza kikombe chake, kidogokidogo, bila kuzungumza na mtu. Mzee alipoondoka mama alimfungia kahawa ya kwao Mbinga, akamsindikiza hadi kwenye gari.

Baadaye sista alituletea picha kwenye simu: miche myembamba imefungwa kwenye vijiti, mteremko mzima. Akasema itachukua miaka kabla haijatoa zabibu za kufaa. Mama aliikuza ile picha kwa vidole, akatafuta nyasi katikati ya mistari, akaziona.

Neno la kusamehe halikutamkwa mzee alipokuwa hapa, wala mimi sijamuuliza mama. Najua tu kwamba katika rozari ya jioni, akishawaombea marehemu wetu, humwombea yule mzee afya, ili mizabibu ile izae yeye angali hai.