Jina la Isidra Katika Makala ya Kinyozi

Isidra Macalalad aliliona jina lake kwenye simu ya kinyozi, akiwa amesimama mlangoni na beseni la suman, wali wa kunata uliofungwa kwa majani ya mgomba, anaoupitisha kila asubuhi. Lilikuwa jina lote, la ubatizo na la ukoo. Kusoma kwake kulikuwa kwa kuokoteza, shule aliiacha angali mdogo, lakini jina lake alilijua lilivyo. Akalitua beseni.

"Amado, hicho ni nini?"

"Kaa kwanza, dada Isidra," alisema Amado, kwa furaha ya mtu anayetoa zawadi. "Umeingia kwenye kamusi elezo. Dunia nzima inakusoma."

Amado ndiye kinyozi wa mtaa wao pale mjini Lipa. Wateja wakikosekana, huandika makala kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuiandikia. Wenzake huandika habari za wafalme na magonjwa. Yeye huandika tamthilia, makala moja kwa kila sehemu iliyorushwa kwenye runinga. Safari hii alikuwa ameandika juu ya sehemu moja ya kipindi cha zamani, kilichoigiza maisha ya kweli kutokana na visa ambavyo watu walivipeleka wenyewe. Kisa hiki kilipelekwa na Pacita, dada yake Isidra.

Isidra alikijua chote. Kwenye runinga mama anamtupia dada yake mtoto mchanga, anamkimbilia dereva wa lori. Kweli ni kwamba yeye alikwenda Hong Kong kupiga deki nyumba za watu, na mtoto wake Jovelyn alimwacha kwa sababu Pacita mwenyewe alimwambia, nenda mdogo wangu, mimi nipo. Hapakuwa na dereva wala lori. Lori liliongezwa na watu wa runinga, naye Pacita akaliacha lipite, kwa kuwa yeye ndiye aliyeonekana malaika. Angalau jina walilibadilisha. Kwa hilo tu Isidra aliweza kurudi na kuishi na watu. Na sasa Amado alikuwa ameandika kwamba mama yule ni Isidra Macalalad wa Lipa.

"Nani kakutuma uliweke jina langu?"

"Si mtaa mzima unajua?"

"Mtaa unajua na mtaa unanyamaza. Jumapili wazazi wa Danilo wanakuja kumposa Jovelyn wangu. Yule mama ni mwalimu mkuu, hata chumvi hanunui bila kuitafuta kwenye simu. Akinikuta humo, posa itaishia mlangoni."

Tabasamu la Amado likapotea. "Naifuta sasa hivi."

Akaifuta. Kabla hajamaliza kumnyoa mteja aliyefuata, makala ilikuwa imerudi. Mmoja wa walinzi wa kamusi, aliyejiita Bundi wa Pasig, alimwachia ujumbe kwamba makala haifutwi kwa kujisikia. Amado akafuta tena, akieleza kwamba mwenye kisa ni jirani yake na anakikana. Ikarudi tena. Mbaya zaidi, watu ambao wasingeiangalia kamwe sasa walikuja kuchungulia kuna ugomvi gani.

"Waambie mimi mwenyewe nipo, nauza suman," alisema Isidra.

"Neno lako halitoshi, dada."

"Maisha yangu, na neno langu halitoshi?"

"Wanataka kilichochapishwa."

Kuanzia hapo Isidra hakulala vizuri wala hakula. Jovelyn akicheka na simu yake, mama alijongea kuchungulia kioo. Danilo alipopita kusalimia, Isidra alimtazama machoni kujua kama tayari anajua. Kila alipokwenda kwa kinyozi alikwenda kwa mwendo wa mtu anayefuata majibu hospitalini.

Hatimaye Amado aliusoma mwongozo wa kamusi. Alikuwa ameandika miaka bila kuusoma, kama anayemeza dawa na kuitupa karatasi yake. Ulisema sehemu moja ya tamthilia haistahili makala yake mpaka iwe imeandikwa kwa kina na watu wasiofungamana na kituo cha runinga. Kusimulia kisa tu hakutoshi. Na jina la mtu aliye hai haliwekwi bila chanzo cha kutegemewa. Kwa kanuni hiyo akaling'oa jina, akaomba makala ijadiliwe kama ibaki au iondoke. Bundi hakubisha. Alisema tu kwamba atakwenda kutafuta chanzo.

Alikipata. Lilikuwa jarida la zamani, na ndani yake mahojiano na Pacita, amebeba mtoto, anamtaja mdogo wake kwa jina.

"Limerudi," alisema Amado, bila kuinua macho.

Isidra alishika kiti cha kunyolea. Miaka yote alimjua Pacita kwa lile la runingani. Hili la jarida hakulijua.

Jumamosi mchana Amado alimfuata nyumbani mbio, shuka la kunyolea bado begani. Mhariri mwingine alikuwa ameuliza jarida lile ni la nani. Lilikuwa la kituo chenyewe. Halihesabiwi kama chanzo. Makala iliondolewa, ukabaki mstari mmoja kwenye orodha ya sehemu za kipindi: mama anamwacha mwanawe kwa dada yake.

"Na waongeze kwamba alirudi," alisema Isidra.

"Kwenye sehemu ile hakurudi, dada. Hatuandiki ambacho hakikuoneshwa."

Jumapili wazazi wa Danilo walikuja na tambi za pansit na nguruwe wa kuchoma. Wanaume walizungumza, siku ya harusi ikakaribia kutajwa. Isidra alipokuwa akimimina kahawa, mama yake Danilo, Bi Remedios, akamgeukia.

"Mama Jovelyn, wewe hupendi tamthilia? Jana nilikuwa natafuta moja ya zamani, ya yule mama aliyemtupa mtoto akapanda lori. Nimekuta mstari mmoja tu. Kitu kizuri namna ile."

Birika lilikuwa zito mkononi. Isidra hakuthubutu kulitua wala kumimina.

"Niliiona," alisema.

"Mimi yule mwanamke sijamsamehe mpaka leo. Wewe ungefanyaje?"

Jovelyn alikuwa amekaa pale pale, amevaa gauni jipya, anasubiri mama yake ajibu.

"Ningeondoka na mwanangu kifuani," alisema Isidra. "Nisingemwachia dada yangu hata saa moja."

Bi Remedios alitikisa kichwa kwa kuridhika, akamgeukia mumewe. "Umesikia? Huyo ndiye mama. Hapa mwanangu amefika."

Akasogeza kikombe. Isidra akamimina, kahawa ikafurika hadi kwenye kisahani, naye akaomba radhi.