Mbuzi Hakatwi Sufuri

Ijumaa, kwenye foleni ya kutuma pesa hapa Al-Nuzha, Jeddah, mbele yangu walisimama wafanyakazi wawili wa nyumba moja, Mkenya na Mwindonesia, wakizungumza Kiarabu cha jikoni. Mwindonesia alikuwa ameshatuma, akimngoja mwenzake; risiti yake ilisoma rupia milioni nne.

Mkenya akashika kiuno. "Haki ya Mungu! Milioni nne, na jana umeniomba sabuni?"

"Ni mshahara wa mwezi tu, dada."

Kisha Mwindonesia akampigia simu mama yake, akafoka kwa lugha yao.

"Mbona kelele?"

"Anataka kuzificha kwenye godoro. Nimemwambia anunue mbuzi leo leo. Zamani serikali yetu ilikata sufuri tatu, elfu ikawa moja, lakini bei hazikushuka. Bibi alikuwa ameweka noti za kujengea nyumba. Akabaki na za kununulia sahani. Sasa wanasema watakata tena."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi hakatwi sufuri."

Mkenya alicheka mpaka mlinzi akageuka.

Mimi nilipofika dirishani nilituma karo ya watoto, nikaongeza pesa za mbuzi mmoja. Mama yangu atalalamika kwamba majani hakuna. Na alalamike.